Ubeti Usioanzia Katikati

Tit, tit, tit, tit.

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya marobota ya unga, sioni kitu ila karatasi na vumbi, lakini sauti hiyo siwezi kuikosea. Ni lori linarudi nyuma, linakuja kupakia.

Lori la Kibera lilikuwa limepakia asubuhi likaenda zake. Siku hiyo hatukuwa tunangoja lingine.

Kwa wewe ambaye juma lililopita ukurasa wangu wa gazeti ulifungiwa mandazi kabla hujausoma, nitakusimulia upesi, maana lori halingoji.

Jina langu ni Oyoo. Nalala Kianda, Kibera, nafanya kazi Kabiro, Kawangware, katika stoo ya jumla ya Mzee Gichuru. Nilianza kwa kubeba magunia. Kisha Mzee akaleta mfumo wa kompyuta, ili oda za wateja zitoke vichwani mwa wafanyakazi ziingie kwenye mashine. Madam Wakarima, wa kampuni inayouza mfumo huo, akatafuta mmoja wetu wa kuwafundisha wengine. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu nina mdomo na sina woga.

Madam aliita kazi hiyo kuhamisha maarifa. Kevin, dereva wetu, akauliza kama maarifa yanahama kwa mkokoteni au kwa pikapu.

Mimi niliyahamisha kwa shairi. Hakuna mwalimu aliyenifunza vina wala mizani. Nilijifunza mwenyewe, nikihesabu silabi kwa vidole huku gunia liko mgongoni. Nikatunga ubeti mmoja, na stoo nzima ikaushika:

Ingia kwa jina lako, neno la siri utie,
Mteja yule ni wako, jina lake uchukue,
Bidhaa ziko ziliko, hesabu zake ujue,
Bonyeza kidole chako, lori lake upakie.

Hata juma halikuisha, kila mpokea oda alikuwa anaughani huku anabonyeza kishikwambi chake. Hakuna aliyeushika kama Anti Rosebella, mdogo wa marehemu mama yangu, aliyenilea. Mzee alikuwa ameapa kwamba atakayeshindwa na mfumo ataacha kiti chake. Anti aliiogopa ile mashine kama mtu anavyoogopa mbwa wa jirani. Ubeti wangu ukamwokoa.

Nami nikavimba kichwa. Siku za Madam za kutufundisha zilipokaribia kuisha, nilisimama mbele ya watu nikamwambia Mzee asiziongeze.

"Mimi nipo," nikasema. "Ninatosha."

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Madam alikuwa ameniahidi kazi Nakuru, kufundisha mfumo huo huo kwenye stoo nyingine. Asubuhi ya siku hii ninayokusimulia, begi langu lilikuwa tayari ndani ya buti ya gari lake. Anti Rosebella hakujua.

Nikatoka nyuma ya unga.

"Kevin, umekuja kufanya nini hapa?"

"Kupakia, buda. Ulidhani nimekuja kukusalimia?"

"Kupakia nini?"

"Oda ya Annet wa Kianda." Akaniinulia simu yake. Mfumo huwatumia madereva kazi zao huko.

"Ya Annet imeenda na lori la Obonyo asubuhi."

"Basi Annet ana mabwana wawili. Mashine imesema nipakie. Si wewe ulituambia mashine haibishwi?"

Kabla sijamjibu, simu yangu ikalia. Alikuwa Annet mwenyewe, mwenye duka.

"Oyoo, niaje. Leo mmeamua kunipenda ama?"

"Kuna nini, Annet?"

"Obonyo ameshusha, tumemalizana. Sasa simu inaniambia lori ingine inakuja na vitu zile zile. Duka yangu ni ya mabati, si godauni. Hiyo unga ingine nitaiweka wapi, kwa kitanda?"

"Usijali, ni kosa dogo."

"Dogo? Jirani yangu ameletewa sabuni mara mbili. Anauliza kama kura imekaribia."

Kevin alicheka mpaka akaegemea usukani. Mimi sikucheka. Nilikimbia kwenye meza za oda.

Anti Rosebella alikuwa ameketi wima, miwani puani, kishikwambi mbele yake, simu ameibana begani.

"Sukari nimeweka," alikuwa anamwambia mteja. "Ongea tu, nakusikia."

Mtandao ukakatika. Tangu waanze kuchimba barabara ya huku kwetu, mtandao wa Kabiro huzima na kuwaka kama taa mbovu. Kioo kikawa cheupe. Anti akatulia, hakuwa na haraka. Kioo kikarudi.

Midomo yake ikaanza kutembea. Ingia kwa jina lako, neno la siri utie. Na kidole kikaufuata mdomo: jina, neno la siri, mteja, unga, sukari, yote upya, kutoka mwanzo.

Ile oda ya kwanza ilikuwa imeenda wapi?

"Anti, ngoja. Usianze mwanzo. Endelea pale ulipokatiziwa."

"Pale wapi?"

"Pale kwa hesabu ya bidhaa."

Akafikiri. Midomo ikaanza tena mstari wa kwanza, kimyakimya, ikiutafuta wa tatu. Na kidole, kwa mazoea, kikabonyeza mwanzo.

"Siwezi kufika kwa hesabu bila kupita kwa jina," akasema. "Ndivyo ulivyonifunza, nyathina."

Huniita hivyo, nyathina, mwanangu, hata nikiwa nimekosa.

Nikatazama meza nyingine. Midomo yote ilikuwa inatembea. Kila mtandao ulipoyumba, kila mmoja alirudi mwanzo wa ubeti.

Nilikuwa nimewafunza wimbo. Na wimbo hauanzii katikati. Muulize mtu mstari wa tatu wa wimbo wowote wa kanisani, uone kama hataanza na wa kwanza.

"Oyoo."

Ilikuwa sauti ya Mzee Gichuru, kutoka ngazini. Haikuwa kubwa. Mzee akikasirika hushusha sauti.

"Panda juu."

Madam Wakarima alikuwa ofisini tayari, mkoba begani, amekuja kuagana. Asubuhi hiyo mkataba wa kampuni yake ulikuwa umefika mwisho. Kompyuta ya Mzee ilionyesha oda zilizorudiwa, na kando ya kila moja jina la aliyeiingiza.

Rosebella. Rosebella. Jina lingine. Rosebella.

Alikuwa nazo nyingi kuliko wote, kwa sababu yeye hakuwahi kuacha ubeti bila kuumaliza.

"Malori yangu yanashindana kupelekea mtu mmoja unga," Mzee akasema. "Madam, hii mashine yenu imeingiwa na nini?"

"Mashine iko sawa, Mzee. Mtandao ukikatika, oda haifi. Inajificha mahali inangoja. Mtandao ukirudi inajituma yenyewe. Mtu akianza ingine upya, zinakuwa mbili."

"Na watu wangu walijua hivyo?"

Madam akanitazama mimi.

Wakati wa mafunzo alikuwa ameniambia niongeze hatua moja: kabla ya kuanza, kagua oda zilizokatika. Nilijaribu kuitia kwenye ubeti. Ikakataa. Niliikata huku, nikaivuta kule, bado ikazidi mizani. Nikaiacha nje. Madam alipoulizia, nilimjibu kwa kiburi.

"Shairi langu haliwekwi kiraka, Madam."

"Si kiraka, Oyoo. Ni hatua. Na watu wanapaswa kujua maana yake, si kuikariri tu."

"Wewe umesoma chuo. Mimi nawajua watu wangu."

Siku ile aliliacha hapo. Sasa alikuwa ananingoja niseme. Nikaangalia viatu vyangu. Nakuru ilikuwa mdomoni mwangu kama peremende, sikutaka kuitema.

"Mwite Mama Aluoch," Mzee akasema. Ndivyo watu wa stoo wanavyomwita Anti, kwa jina la bintiye.

Anti akaja akipangusa mikono kwenye kitenge. Akasoma jina lake kwenye kioo.

"Mama Aluoch, nilisema nini kuhusu kiti?"

"Ulisema atakayeshindwa ataacha."

"Nani alikufunza kazi hii?"

Nikangoja anitaje. Ilikuwa haki yake kunitaja.

"Nilifunzwa vizuri," Anti akasema. "Ni mimi nimesahau. Kichwa ya mama mzee. Usimwekee mtu mwingine lawama."

Afadhali angenizaba kofi.

"Si yeye," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hajasahau chochote. Amefanya kila neno nililomfunza. Kuna hatua niliiacha nje."

"Uliiacha kwa nini?"

"Haikuingia kwenye mizani."

"Mizani gani? Ya kupimia sukari?"

"Ya shairi, Mzee."

Mzee Gichuru alinitazama usoni. Huyu ni mtu aliyeanza na kibanda cha makaa papa hapa Kabiro, kwenye shamba la babake ambalo sasa ni vyumba vya kupanga tu. Amesikia visingizio vya kila aina. Nadhani hicho kilikuwa kipya.

"Umenitolea malori mara mbili," akasema polepole, "ili maneno yako yapendeze."

"Ndiyo. Nifute kazi mimi. Mwache Anti."

Nilisema hivyo kifua mbele. Nakiri kwako: ulikuwa ushujaa rahisi. Begi langu lilikuwa garini. Kufutwa kazi kungenifungulia lango.

Mzee akaketi. Akatabasamu, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Nikufute uende wapi? Nakuru?"

Anti akageuka.

"Askari wa lango ana macho," Mzee akaendelea. "Begi ya bluu, kwa buti ya Madam. Mama Aluoch, kwani hukuambiwa? Kijana wako leo analala Nakuru."

"Nakuru?" Anti aliniuliza mimi, si yeye. "Asubuhi nimekupikia chai, ukanywa. Hukuwa na mdomo?"

Sikuwa na mdomo. Mimi, niliyechaguliwa kwa ajili ya mdomo.

"Sasa nisikize," Mzee akasema. "Watu wangu wote wana wimbo wako kichwani. Nikikufuta, nani atautoa? Hutoki. Mama Aluoch atakaa kwa kiti chake maadamu wewe uko ndani ya lango hili. Ukivuka, hata kwa mguu mmoja, kabla sijamwona akimaliza oda iliyokatika bila kurudi mwanzo, kiti chake nakitoa nje na yeye anakifuata."

"Mzee," Madam akaingilia, "tuandikiane hata siku chache. Niwafunze hiyo hatua tu. Bila mkataba, ofisi yangu hainiruhusu kugusa mfumo wenu ndani ya lango. Kukiharibika kitu, ni mimi nitakayelaumiwa."

"La. Huyu alisimama mbele ya watu wangu akasema anatosha." Akanionyesha mlango kwa kidevu. "Basi atoshe."

Tukashuka ngazi. Anti alitangulia, hakugeuka.

"Nakuru haitangoja," Madam akaninong'oneza. "Naondoka baada ya chakula. Ama nakubeba wewe, ama begi namwachia askari."

Huko chini wapakiaji walikuwa wanashusha unga wa Annet kutoka lori la Kevin, ule ule waliotoka kuupakia. Mgongo unajua tofauti ya kazi na upuzi. Nilipopita, Kevin akaniinulia kofia.

"Malenga, tunangoja beti ya pili. Ile ya kushusha."

"Kevin, si leo."

"Si leo? Na mimi ndiyo nitamweleza Annet? Mwandikie hata yeye mistari kidogo, alale nayo badala ya hiyo unga."

Wapakiaji wakacheka. Siku nyingine ningemjibu kwa vina hadi akimbie. Nilipita tu.

Tuliketi, Anti na mimi, mbele ya kishikwambi kimoja. Wengine walikuwa wameambiwa waandike oda kwa kalamu, kama zamani, mpaka jambo hili lieleweke.

Hakuniambia neno kuhusu Nakuru. Hiyo ndiyo adhabu ya Anti: anakuacha peke yako na ulichofanya.

Unajua mimi nilifanya nini? Nilianza kutunga.

"Anti, shika huu. Kabla hujaanza yako, zilizokatika ziko..."

"Nyamaza."

Tangu utotoni sikuwahi kusikia neno hilo kwake.

"Usiniimbie tena," akasema. "Wimbo ninao, utanifikisha kaburini. Niambie kwa nini. Oda ikikatika, inaenda wapi?"

"Inajificha."

"Wapi? Nionyeshe."

"Hapa ndani."

"Hapa ndani wapi, Oyoo? Hata panya wa nyumbani akijificha najua yuko nyuma ya mtungi."

Nikachukua kishikwambi. Mtandao ukakatika, kama ulioitwa. Kioo kikawa cheupe, kisha kikarudi. Nikainua kidole nimwonyeshe.

Na midomo yangu ikaanza kutembea. Ingia kwa jina lako.

Nikaifunga. Nikajaribu tena. Kidole kilining'inia juu ya kioo, hakijui pa kutua. Nikabonyeza mahali, ikafunguka orodha ya wateja. Nikabonyeza pengine, ikaniuliza kama nataka kufuta. Nikarudi nyuma haraka.

Ubeti ulipoondoka, hapakuwa na kitu chini yake. Nilijifunza mfumo ule ili niutungie, na nilipomaliza kutunga niliacha kujifunza. Mengine sikuwahi kuyauliza. Niliona kuuliza ni kwa watu wasiojua.

Anti alikuwa ananitazama. Alinilea. Ananijua ninapodanganya, na ananijua ninaposhindwa.

"Hata wewe," akasema.

"Hata mimi."

"Kwa hivyo tumefungiwa wawili, na hakuna aliye na ufunguo."

"Madam anao."

"Si uende umuulize."

"Yeye hawezi kufunza ndani. Mimi siwezi kutoka nje."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha watu wa Kianda maji yanaporudi siku ambayo mtungi umepasuka.

"Hivi vyote ulivijenga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na hukukosa mizani hata mahali pamoja."

Nje, gari likapiga honi.

"Hilo ni lako," Anti akasema.

"Siendi."

"Nenda, nyathina. Kiti ni mbao tu. Nilikuwa nauza dagaa wa omena kando ya barabara pale Olympic kabla ya kiti hiki, na sikufa."

"Ulikuwa unaamka usiku na kurudi na miguu imevimba. Nilikuwepo."

"Sikufa," akarudia. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. "Ila siku nyingine ukihama, mwambie aliyekupikia chai."

"Siendi, Anti."

"Basi nenda hata ukachukue begi. Viatu vyako vya kanisa viko ndani."

Nikaenda hadi langoni.

Gari la Madam lilikuwa limeshatoka, limesimama nje kando ya mtaro uliochimbwa. Askari alikuwa kando ya lango, ananitazama miguu badala ya uso. Nilipogeuka, nikamwona Mzee Gichuru amejitokeza juu ngazini na kikombe chake cha chai.

Madam akateremsha kioo.

"Unapanda?"

Nimebeba magunia mazito maishani. Neno lililofuata lilikuwa zito kuliko yote.

"Sijui," nikasema.

"Hujui kama unapanda?"

"Sijui oda inajificha wapi. Sijui kwa nini. Sikujua tangu mwanzo. Nifunze."

Madam akazima injini. Alinitazama kama mtu aliyengojea wageni hadi chakula kikapoa, kisha akasikia hodi.

"Siku zote hizo," akasema, "nilingoja uniulize swali moja."

"Nimeuliza sasa."

"Ndani siwezi. Hapa nje naweza, kama rafiki. Mfumo wa mazoezi uko kwa kompyuta yangu, hapa kitini. Vuka uketi, nikuonyeshe."

"Niambie nikiwa hapa."

"Haiambiwi, Oyoo. Ulitaka ya kuambiwa, ndiyo ukapata wimbo. Lazima mkono wako ukosee, na mimi nikiuona."

"Itachukua muda gani?"

"Inategemea mkono. Na Nakuru wananipigia simu."

Niliangalia chini. Reli ya lango ilikuwa mbele ya ncha za viatu vyangu. Upande huu kulikuwa na kiti cha Anti, ambacho kingepotea kama nisingejifunza. Upande ule kulikuwa na mafunzo, na kuyafuata ni kukipoteza kiti. Na ndani ya buti kulikuwa na begi langu, kwa hivyo mguu wangu ukivuka tu, hakuna mtu Kawangware nzima atakayeamini kwamba nimevuka kwa ajili ya Anti.

Labda hata mimi nisingeamini. Nakuambia ukweli: gari lile lilikuwa linanivuta.

Nyuma yangu dirisha la oda likafunguka.

"Oyoo."

Anti alikuwa ameinua kishikwambi juu ili nikione. Alikuwa amejaribu oda peke yake, bila mimi. Kioo kilikuwa cheupe.

"Imekatika tena," akasema. "Iko katikati. Mteja yuko kwa simu. Nifanye nini?"

Mzee Gichuru akashuka ngazi, taratibu, akasimama karibu na dirisha. Hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anatazama midomo ya Anti.

Nami niliiona kutoka pale langoni. Ilikuwa imeanza kufunguka. Ubeti wangu ulikuwa unakuja, mstari wa kwanza ukitangulia, na kidole kikijiandaa kuufuata. Mtandao ungeweza kurudi wakati wowote.

Nikageuka kwa Madam. Alikuwa ameshafungua mlango wa upande wangu, na mkono mwingine uko kwenye ufunguo wa gari.

Sikumbuki kufikiri. Nakumbuka askari akisema "ah, ah, kijana," na Mzee akiweka kikombe chake juu ya ukingo wa dirisha. Nilipotazama chini, reli ilikuwa katikati ya miguu yangu, kiatu kimoja ndani, kimoja nje, na mkono wangu umeushika mlango wa gari.

Nikageuza kichwa nikapaza sauti, hadi Kevin akasikia huko aliko:

"Anti, fumba mdomo, usiguse kitu. Mtandao ukirudi, uache urudi. Naapa kwa dada yako aliyenizaa, nakuletea ile kwa nini uliyoniuliza kabla kiti hicho hakijatoka mlangoni, na nitaingia nayo kwa lango hili hili, begi langu mgongoni."